Nusu Niliyoitafuna

Jambo hili nimeliandika mara tatu katika daftari langu, na mara zote tatu nimechana karatasi. Mara ya kwanza nilijipendelea. Mara ya pili nilijilaumu kurasa nzima, mpaka nikaona kwamba hata huko kujilaumu kulikuwa namna ya kujipendelea, maana watu wote waliokuwapo siku ile walipotea, nikabaki mimi peke yangu na kosa langu. Mara ya tatu sijui niliharibu wapi. Sasa najaribu kuliandika lilivyokwenda, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikalima, nikazaa, nikauza ndizi, ndipo nikaitwa kwenye mafunzo ya wiki chache na kupewa kizibao chenye mifuko minne. Kazi yetu ni ya jioni. Kuanzia saa kumi mpaka saa nne usiku tunakaa na simu moja, na yeyote mwenye mgonjwa wa akili aliyezidiwa nyumbani anaweza kuipiga. Siku tatu za wiki tunakuwa Bukoba, siku mbili Muleba.

Tunakwenda watatu. Muuguzi ni mtu wa kusini, mtulivu, ambaye Kihaya chake kinaishia kwenye salamu. Dereva ni mzee wa mjini, Mwislamu. Babu yake alikuja kutoka pwani akaoa huku, na yeye anajua kila njia ya migombani na kila ukoo unaokaa mwisho wa njia hiyo. Muuguzi ana dawa, dereva ana gari, mimi nina mdomo. Kazi yangu ni kuongea.

Watu huuliza kwa nini jioni. Mimi naona mchana mgonjwa anavumilika. Kuna shamba, kuna watu njiani, kuna jua. Jua likianza kushuka ndipo nyumba inakumbuka kwamba italala naye. Basi saa kumi na moja simu inaanza. Na mimi, hata siku nisizokuwa na zamu, saa kumi na moja siwezi kukaa. Nakoroga chungu ambacho hakijachemka. Natoka nje, narudi, naangalia simu yangu mwenyewe kama imezimika. Binti yangu huniambia, "Mama, kaa, unanichosha miguu." Nakaa, kisha nasimama.

Kanuni yetu ya kwanza ni kwamba hatumfungi mtu kamba. Huku kwetu mgonjwa akizidiwa, kamba ndiyo inayotangulia, halafu hospitali au mganga. Nimeona vifundo vya mikono vilivyobaki na alama miaka mingi baada ya mtu kupona. Lakini nisiseme kana kwamba wanaofunga ni watu wabaya. Nitaeleza.

Siku hiyo tulikuwa Bukoba, na aliyepiga simu alikuwa mwanamume wa Nyanga. Alisema, "Njooni mumchukue mdogo wangu kabla hatujamfunga. Nawapa saa moja."

Tulimkuta nje ya nyumba, kamba ya katani imelala begani kama taulo la mtu anayekwenda kuoga. Uani walisimama akina mama sita au saba wenye hasira. Mdogo wake ni fundi cherehani, na zilikuwa zimebaki siku tatu shule zifunguliwe. Kwa usiku nne mfululizo fundi hakuwa amelala. Alichukua sare zote alizokuwa amepewa kushona, akaziunganisha mikono kwa mikono, kola kwa kola, mpaka likawa vazi moja refu lililojaa chumba.

"Anasema ni shati la watoto wote wa Nyanga," mama mmoja aliniambia. "Eti wasipotee njiani."

"Wangu ana mkono mmoja tu humo ndani!" mwingine akasema. "Wa pili umeshonwa kwa mtoto wa jirani ambaye hata hatusalimiani."

Wengine walicheka. Kaka mtu hakucheka. Alinivuta pembeni kwenye migomba.

"Mama, mimi si mkatili," alisema. "Mwaka juzi alikimbilia ziwani. Nilimtoa majini nimemshika shingo, mwenyewe sijui kuogelea. Leo nikimwachia, nani atamtoa?"

Nilimwomba ile saa moja aliyosema.

Fundi alikuwa ameketi chini katikati ya lile vazi, tepu ya kupimia shingoni, macho mekundu. Aliponiona akasimama kwa adabu.

"Nyegera waitu," akanikaribisha, kama mtu aliyekuwa akinisubiri kwa chai. Kisha akaangalia kizibao changu. "Aliyekushonea alikuwa na haraka. Bega la kushoto limepanda."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekivaa mwaka mzima bila kujua kwa nini kinanivuta.

"Umekuja kunifunga?"

"Hapana."

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye sare. Muuguzi alibaki mlangoni. Fundi aliongea kwa muda, Kiswahili na Kihaya vikipishana, na katika yote aliyoyasema nilishika moja: alitaka kwenda kwa dada yake. Dada yake ameolewa Ngenge, Muleba kule bondeni, analima mpunga. "Dada hana kelele," alisema. "Kwake naweza kulala."

Kisha akatoa kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kuanikwa, imefungwa kwa gamba la mgomba. Huku mgeni hupewa kahawa, hilo si geni. Hupewa kikapuni au kiganjani, kila mtu anachukua zake. Lakini fundi hakufanya hivyo. Alichagua buni moja, akaipasua kwa jino. Ndani zililala punje mbili zimeangaliana. Moja akaweka ulimini mwake, nyingine akaninyooshea.

Hapa ndipo nilipochana karatasi mara ya kwanza, kwa sababu niliandika kwamba sikujua. Nilijua. Bibi yangu alinieleza nikiwa mdogo. Wazee waliita omukago. Watu wawili waligawana buni moja, zamani na damu kidogo juu yake, na kuanzia hapo walikuwa ndugu kuliko ndugu. Hawadanganyani. Mmoja akiwa na shida mwingine hakatai. Siku hizi hakuna anayefanya, na nadhani hata zamani mwanamke na mwanamume wasiojuana hawakufanya. Lakini nilijua maana ya nusu ile.

Muuguzi, ambaye aliona ukarimu tu na hakuwa na namna ya kuona kingine, alisema kwa sauti ya chini, "Chukua, mama. Usimkatalie."

Nikachukua, nikatafuna. Ilikuwa chungu, na yale majani yakabaki kwenye meno.

Fundi alinitazama nikimeza. Mabega yake yakashuka. "Sasa niambie," alisema. "Tunakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Tunapita hospitali dakika chache, upimwe. Halafu tunakupeleka kwa dada yako Ngenge."

Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Zamu za Bukoba gari letu haliendi Ngenge. Ni mbali mno. Labda nilidhani dada anaweza kuja kumchukua, labda nilidhani sindano moja itatosha. Nimejiuliza sana kama nilidhani kitu chochote. Nje kulikuwa na kamba na saa ilikuwa inakwisha, na maneno yalitoka yakiwa yameshaiva, kama vile si mara ya kwanza kuyasema. Na haikuwa mara ya kwanza. Nyumba nyingi nilikuwa nimesema "dakika chache".

Fundi akatembea mwenyewe mpaka garini. Akina mama walimpisha. Kaka yake aliitoa kamba begani, akaisokota taratibu, akaniambia, "Mama, una kipaji." Nilifurahi. Hilo nalo lazima niliandike, kwamba nilifurahi sana.

Hospitali walimpokea, wakamchoma sindano, wakamwingiza wodini. Mlango ulipokuwa unafungwa alijua. Hakupiga kelele. Alinitazama juu ya bega la mhudumu akasema, "Uliitafuna. Nilikuona."

Alikaa siku kumi na tisa.

Alipata nafuu, hilo ni kweli, na muuguzi alinikumbusha kwa nia njema. "Mama, yule mtu amelala, amekula, hajaenda ziwani. Hayo si madogo." Kisha akaongeza, "Ila siku nyingine usimwahidi mtu safari ambayo gari letu haliendi." Hakulisema tena. Ni mtu wa namna hiyo.

Dereva yeye alilisema. Alimpenda fundi, walikuwa wakijuana mjini, na utani ndiyo njia yake ya kukasirika. Kila tukipata simu alikuwa akiwasha gari na kuniambia, "Haya, ndugu yake fundi, leo tunampeleka nani Ngenge?" Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili nilicheka kwa shida. Wiki ya tatu nilimjibu, "Mzee, wewe ulikuwapo usukanini, mbona hukusema?" Akatazama barabara muda mrefu. "Kweli," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka apande." Utani ukaisha hapo.

Siku zile kumi na tisa sikwenda kumwona. Nilifika getini mara mbili. Mara moja nilikuwa na ndizi za kuchoma kwenye mfuko. Nilisimama, nikajiambia saa za kuona wagonjwa zimekaribia kwisha, nikarudi nyumbani nikala zile ndizi mwenyewe, nimesimama jikoni. Baadaye nilisikia dada yake amekuja kumchukua, wamekwenda Ngenge.

Baada ya hapo mdomo wangu ukaharibika. Nilianza kuogopa kila neno linalofanana na ahadi. Kulikuwa na msichana mmoja Kagondo, jirani yangu tu, aliyeacha kula na kuongea. Jioni tulipokwenda alinishika mkono akauliza, "Nitapona?" Nikamwambia, "Sijui." Mama yake alinisindikiza hadi barabarani. "Mama fulani," alisema, na akataja jina la mtoto wangu wa kwanza, "mimi sikukuita uje umwambie mwanangu hujui. Kutojua tunako sisi wenyewe humu ndani." Na yeye alikuwa na haki. Nilikwenda nyumbani nikijiuliza ni maneno gani basi yaliyobaki kwa mtu wa kazi yangu.

Miezi ikapita. Zamu za Muleba kila simu ilipolia nilisikia Ngenge kabla mtu hajasema. Siku ilipokuja kweli, muuguzi ndiye aliyepokea, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Ilikuwa sauti ya mwanamke, imechoka.

"Mimi ni dada yake yule fundi wa Nyanga. Amejifungia kwenye stoo ya mpunga tangu jana. Hali kitu. Ana mkasi wake mkubwa. Wanaume wa hapa wanataka kuvunja mlango wamfunge, nimewaambia wasubiri jua lizame. Njooni." Halafu akasema, "Ila nesi, asije yule mama. Akimwona yule atazidi."

Muuguzi aliniangalia. Dereva alikwishasimama, funguo mkononi.

"Utakaa garini," muuguzi alisema.

"Nitakaa garini," nikasema.

Njia ya kwenda Ngenge inashuka. Migomba inapungua, hewa inapata joto, vumbi linaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Sikuacha kufungua na kufunga kifungo cha mfuko wangu mpaka dereva akaniambia, "Mama, kitang'oka hicho." Tulifika saa kumi na mbili ikiwa imepita kidogo. Wanaume watano walikuwa wamekaa kwenye gogo. Muuguzi akashuka na mkoba wake. Dereva akatandika mkeka wake nyuma ya gari, akaswali. Mimi nikabaki ndani kama mzigo ambao mwenyewe hajulikani.

Nilimwona dada mtu akija upande wangu. Nilimtambua kwa sura, amefanana na fundi. Kamba alikuwa ameishika yeye mwenyewe, imezungushwa mara tatu kwenye kiganja.

"Wewe ndiye uliyekula kahawa yake?"

"Ni mimi."

"Mimi nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia siku hizi mambo hayo hakuna, ulikula kama mgeni anavyokula. Akasema hapana, alikupasulia, na wewe ulijua." Alinitazama ili nikatae. Sikukataa. "Basi tangu atoke hospitali alikuwa anameza dawa kwa mkono wangu tu. Mwezi uliopita hata wangu akaukataa. Anasema, kama aliyekula nusu yake alimdanganya, mimi niliyezaliwa naye tu nitashindwaje kumdanganya? Unaona ulichonifanyia? Nilikuwa mtu pekee asiyeweza kumfunga. Sasa niangalie."

Aliinua mkono wenye kamba.

Kule stoo muuguzi alikuwa akiongea na mlango. Aliongea vizuri, bila haraka, kama kawaida yake. Ndani ulisikika mkasi tu, krap, krap, ukikata kitu kigumu. Jua liligusa vilima. Mmoja wa wanaume akasimama, akajipangusa suruali, na wengine wakasimama naye.

Ndipo mkasi ukanyamaza na sauti ya fundi ikatoka. "Gari hilo naujua mlio wake. Yule mama yupo?"

Muuguzi alimgeukia dada mtu, si mimi. Dada akafumba macho, kisha akanifungulia mlango wa gari.

Nilikwenda nikakaa chini, mgongo kwenye ubao wa mlango. Nilimsikia naye akikaa upande wa pili.

"Dakika chache," alisema.

"Zilikuwa siku kumi na tisa."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ulikuja?"

"Sikuja. Nilifika getini mara mbili nikarudi."

"Kwa nini?"

"Nilijua utaniuliza."

"Ningekuuliza nini?"

"Hayo unayoniuliza."

Mpunga ulisikika ukisogea nyuma ya ubao, labda alibadilisha mkao.

"Leo tunakwenda wapi?"

"Hospitali, Muleba. Utalala huko. Sijui siku ngapi. Utachomwa sindano na mdomo utakauka kama mara ile. Dada yako hatalala na wewe leo, nafikiri kesho anaweza kuja."

"Huyu naye!" mwanamume mmoja akasema nyuma yangu. "Sasa ukimwambia hivyo atatoka vipi?" Mwingine akasema, "Ndiyo maana walimkataza asije." Muuguzi akawainulia mkono wanyamaze.

"Na nikikataa?" fundi akauliza.

Nilijua kwamba swali hilo linakuja. Njia nzima nilikuwa nikilitafutia jibu jingine.

"Ukikataa wataingia wakufunge. Mimi sitafunga, lakini sina nguvu ya kuwazuia."

"Kamba anayo nani?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema wanaume wanayo. Nilisema, "Dada yako."

Mpaka leo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kulisema hilo. Lilikuwa la kwake, si langu. Dereva aliniambia baadaye nilimvua mtu nguo mbele ya wageni, na siwezi kumpinga.

Kisha fundi akaita, "Dada?"

"Ndiyo," alisema. "Ninayo. Ndiyo, mimi ninayo."

Wanaume wakaanza kusogea. Dada mtu akawatazama, akaitazama kamba, akaifungua kiganjani, akaiweka chini palepale uani na kuikalia. Alikaa hasa, akakunja kanga magotini, kama mtu anayepepeta mchele. Mmoja wao alimwambia, "Shemeji, ondoka hapo, giza linaingia." Akamjibu, "Niondoe." Hakuna aliyemwondoa.

Sijui ilichukua muda gani. Kwanza mkasi ulitoka chini ya mlango, mpini ukitangulia. Muuguzi akauchukua. Halafu komeo likasogea.

Fundi alikuwa amekonda sana. Tepu ilikuwa bado shingoni. Nyuma yake ndani niliona magunia yaliyokatwa na kupangwa kwa ukubwa, makubwa huku, madogo huku, tayari kushonwa. Alimpita dada yake, akamgusa kichwani. Akaja mbele yangu na kopo dogo la kahawa. Akachagua buni moja, akapasua kwa jino.

Watu wote walikuwa wanatazama. Dada mtu, bado amekalia kamba, alisema, "Usile kama huwezi."

Nusu moja alibaki nayo, nyingine ilikuwa tayari kiganjani mwangu. Nikamwambia fundi, "Ngoja. Sijakuambia yote. Zamu yangu inaisha saa nne. Ukiamka kesho sitakuwapo, na siku zinazofuata niko Bukoba."

"Utakuja lini?"

"Jumamosi. Si siku ya kazi. Nitapanda basi."

Alifikiri. Kisha akaichukua ile nusu kiganjani mwangu, akaitia katika mfuko wangu wa juu, akafunga kifungo. "Basi utaila Jumamosi," alisema. Akanipapasa begani. "Na bega hili bado limepanda." Akatembea mwenyewe mpaka garini, muuguzi kando yake, na dereva akamfungulia mlango wa mbele kama anamfungulia bwana harusi. "Karibu fundi," alimwambia. "Nina suruali mbili zinakusubiri tangu mwaka jana." Fundi akasema, "Kiuno chako kimeongezeka, mzee, tutapima upya."

Ijumaa mchana mratibu wetu alipiga simu. Mwenzangu wa zamu nyingine alikuwa anaumwa, akaniomba nimshikie Jumamosi. Ombi la haki kabisa. Yeye amenishikia mara nyingi. Nilisema nitamjibu. Nilizunguka nyumba. Nilifagia mahali palipofagiliwa. Nilikitoa kizibao, nikafungua kifungo, nusu ilikuwapo, nikafunga. Nikafungua tena. Usiku nikapiga simu nikasema siwezi, na sikueleza sababu, maana sikujua ningeisemaje ikaeleweka. Mratibu alisema sawa kwa sauti ambayo haikuwa sawa. Kama jioni ile kuna nyumba iliyokosa mtu wa kuongea nayo, na hilo ni la kwangu.

Basi lilichelewa kutoka. Nilifika wodini saa za kuona wagonjwa zikikaribia kwisha, na safari hii niliingia. Alikuwa ameketi kitandani, mdomo umekauka, midomo imepasuka. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono kwenye mfuko wangu, akafungua kifungo, akaitoa ile nusu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Haijaguswa," alisema.

"Haijaguswa."

"Yangu nimeshindwa. Sina mate. Kula yako."

Nikaila mbele yake. Ilikuwa imekauka zaidi, nikaitafuna kwa muda mrefu. Akaniuliza atatoka lini nikamwambia sijui, nitamwuliza daktari nikipata nafasi. Akaniuliza kama dada yake amekasirika na mimi. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea vipimo.

"Vua hicho kizibao," alisema.

Nikavua. Aliomba sindano na uzi kwa muuguzi wa wodi, akakataliwa, na kwa kweli wodi ile sindano haziruhusiwi. Basi akatumia kucha. Akatafuta mwanzo wa mshono wa bega la kushoto, akauvuta, akafumua taratibu, uzi mmoja mmoja, mpaka bega likaachia kabisa na kitambaa kikaning'inia. Akanirudishia.

"Usimpe mtu akushonee," alisema. "Nitashona mwenyewe."

Nimekivaa hivyohivyo zamu tatu sasa. Muuguzi aliniuliza kama kimechanika nikamwambia kimefumuliwa. Dereva hakuuliza. Bega linapepea tukienda, upepo wa jioni unaingia, na kila ninapoinua mkono kupokea simu kinaniteleza, nakirudisha.